Ile "Yes" Niliyompa Véro

Walimu vijana, mmeniomba niwaandikie kidogo kabla sijasahau, na nimekubali upesi, kwa sababu tangu nianze kukaa nyumbani hakuna mtu anayenisikiliza zaidi ya dakika mbili. Nikianza kueleza jambo, mume wangu anainuka kwenda kuangalia kuku. Kuku wetu ni wanne na hawana shida yoyote. Donc nitaandika, na nyinyi mtasoma mkiwa mmekaa.

Sitawaambia nilipanda cheo lini. Nitawaambia juu ya vitenzi visaidizi vya Kiingereza, vile vineno vidogo kama do, did, can, will na must, nilivyofundisha hapa Kisangani mpaka wanafunzi wakaniita Madame Do. Na nitawaambia juu ya neno moja, yes, ambalo nilimfundisha vibaya msichana mmoja, na ambalo miaka mingi baadaye lilikaribia kumnyang'anya kazi yake na kumpeleka kwa polisi kama mwizi. Hilo ndilo linaloniuma. Lakini nitaanza mwanzo, ni ugonjwa wa walimu.

Baba yangu alikuwa fundi wa kushona, mtoto wa Waswahili wa zamani wa mji huu, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu. Kile cha barabarani nilikiokota mwenyewe. Hapa nitaandika kwa kile cha baba, na watu wengine wakisema, nitawaacha waseme kama wanavyosema.

Siku yangu ya kwanza, prefe, yaani mkuu wa shule, alinipokea mlangoni, akanipa kipande kimoja cha chaki na kunionyesha kalasi kwa kidevu. Ndani walikuwa wanafunzi sitini na wanane, baadhi yao wana ndevu. Ubao ulikuwa umepakwa unga mweusi wa betri za zamani uliochanganywa na maji ya majani ya muhogo, na ukiugusa unatoka na mkono mweusi mpaka kwenye kiwiko. Nikasema, "Good morning, class!" Wote wakasimama, wakaimba, "Good morning, sir, we are fine and you!" Sikuwa nimewauliza hali, na mimi si bwana. Nikamuuliza kijana wa benchi la mbele ana miaka mingapi, "How old are you?" Akajibu kwa heshima kubwa, "Thank you, sir." Nikaona, bon, kazi iko.

Kumbe hiyo iko yenyewe ndiyo ilikuwa adui yangu wa kwanza. Mnajua wenyewe: katika Kiswahili cha Kisangani, iko inafanya kila kitu. Papa iko na njala. Papa iko ku mto. Papa iko anakula. Chumvi iko? Iko. Wanafunzi wangu walikwisha kukubaliana zamani kwamba iko kwa Kiingereza ni is, basi. Wakaniandikia: "My father is with hunger. My father is at river. My father is eat. Salt is? Is." Nilisahihisha hizo is siku nzima. Nilirudi nyumbani sauti imekauka, mama akadhani nimelia.

Katika kalasi ya jirani alifundisha Papa Anselme. Huyo ndiye aliyenifanya mwalimu, si diploma. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kuvaa koti hata siku ambayo mbuzi wanatafuta kivuli, na Kiingereza chake alikiokota kwenye redio, akisikiliza mawimbi mafupi miaka na miaka. Wakati wa mapumziko alinikuta nimekaa kwenye ngazi, akaanza kumenya yai lake la kuchemsha.

"Zaina, mutoto yangu," akaniambia, "unapigana nabo bure. Batoto habako wajinga. Banatafsiri."

"Papa, wameandika 'salt is, is'!"

"Bon. Usifukuze iko. Uliza tu: ile iko, iko nafanya kazi gani hapa?"

Neno hilo lilinibeba miaka yote. Kesho yake nilianza kuuliza. Katika "papa iko ku mto", iko inafanya kazi gani? Inaonyesha mahali alipo. Haya, hiyo ni is. Katika "papa iko na njala"? Ana kitu. Hiyo angalia have, ingawa kwa njaa Waingereza nao wana mambo yao. Katika "papa iko anakula"? Iko inasaidia kula kusema kwamba ni sasa hivi. Ahaa! Hicho ndicho kisaidizi. Ukiona mwanafunzi amepiga paji la uso kwa kiganja, acha, hapo ameelewa, usiongeze neno.

Papa Anselme alinipa pia chombo cha kazi. Tulikata makatoni ya samaki wa barafu, wale tomson, tukaandika kwenye kila kipande neno moja: do, does, did, can, will. Mwanafunzi anavaa kibao chake shingoni kwa kamba na kusimama mbele mahali pake katika sentensi. Ukitaka swali, can anatoka alipo, anapita mbele ya you. Ilikuwa kazi nzuri sana, ila aliyevaa did alinuka samaki mpaka jioni, na wasichana walikataa kukaa naye.

Do ndiyo iliyowasumbua kuliko zote, maana kwetu kuuliza ni sauti tu. Unapandisha sauti mwishoni, limekuwa swali. Papa Anselme alieleza hivi, nami nilimwiba bila aibu: "Do iko sawa jirani mwenye unaita siku ya matata tu. Siku ya amani, I eat fish, ye iko kwake analala. Ukiuliza, ukikatala, ukibishana, pale unamuita. Na akikuya, ananyang'anya verbe muzigo yake yote." Ndiyo maana tunasema "did you go", si "did you went": mzigo wa zamani ameubeba did, go anabaki mikono mitupu. Nendeni mkaifundishe hivyo hivyo, haina mwenyewe.

Kitu kimoja tu cha Papa Anselme sikukipenda. Alikuwa na daftari ambalo juu yake ameandika SIJUI kwa herufi kubwa. Mwanafunzi akimuuliza jambo asilolijua, alifungua daftari, akaandika swali, akasema, "Sijui. Kesho." Mbele ya wote! Hata mara mbili kwa juma! Mimi nilimwonea haya. Mimi msichana mdogo, nisimame mbele ya vijana wenye ndevu niseme sijui? Thubutu.

Katika mwaka wangu wa tatu nilimpata Véro. Alitoka Yanonge, kwa watu wa mto, na mama yake alikaanga na kukausha samaki wa kupeleka mjini. Hapa Kisangani alikaa kwa tonton yake, yaani mjomba, ili asome. Msichana mrefu, benchi la pili, mkono juu saa zote. Siku hiyo nilifundisha majibu mafupi. "Do you eat fish?" "Yes, I do." "Do you eat stones?" "No, I don't." Kalasi nzima ilikuwa inaimba, mambo yanatiririka, zimebaki dakika nne. Mkono wa Véro ukapanda.

"Madame, na kama mwenye kuuliza ameweka not ndani? 'Don't you eat stones?' Tunajibu yes ao no?"

Kitabu changu hakikuwa na swali hilo. Nilikitazama hata hivyo, kama vile kingejirekebisha. Nikafikiri haraka: kwetu mtu akikuuliza, "Haukulake mawe?", unamjibu "Ndiyo", maana yake umesema kweli, sili mawe. Kiingereza kitafanya tofauti kwa nini?

"Jibu kama kwetu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayejua. "Mutu akisema kweli, unamuambia yes. Haule mawe? Yes. Yes ni yes. Andikeni."

Wakaandika. Véro aliandika kwa kalamu ya bic nyekundu, akapiga mstari chini kwa rula. Hiyo ndiyo shida ya wanafunzi wazuri, wanakuamini.

Ukweli niliujua miaka sita baadaye, kwenye mafunzo ya walimu, kutoka kwa mama mmoja wa Zambia aliyekuja kutufundisha. Akasema, bila kujua ananichoma kisu, kwamba yes ya Kiingereza haimwangalii mwenye kuuliza. Inaangalia jambo lenyewe. Jambo lipo, ni yes. Halipo, ni no. "Don't you eat stones?" "No, I don't." Na ukijibu "Yes", umekubali kwamba unakula mawe. Nilikaa pale natoka jasho, nahesabu: miaka sita, kalasi tatu kila mwaka, watoto sitini na kitu. Nilikuwa nimetawanya walaji wa mawe katika mkoa mzima wa Tshopo.

Tangu hapo nilifundisha sawasawa. Lakini wale waliokwisha kutoka, ningewaita vipi? Nikajiambia, likambo te, hakuna shida, nani atakayewauliza swali la not kwa Kiingereza hapa Kisangani?

Halafu wageni wakaja. Kuna miaka ambayo mji ulijaa wageni wa helikopta na jeep, na kila mtu alitaka Kiingereza kufikia Jumamosi ijayo. Nilifungua kozi ya Jumamosi asubuhi. Alikuja kijana wa toleka, anayebeba watu kwa baiskeli. Nikamfundisha adabu ya "Would you like a ride?" Alirudi juma lililofuata, akaniambia, "Madame, nikimaliza kusema would you like, client amekwisha kupanda kwa mwingine." Alikuja mama wa mananasi, ambaye kila mgeni aliyepita alimpigia kelele, "You must buy!" Nilimweleza kwa upole kwamba must ni amri, inatisha watu, aseme "You can buy". Akaniangalia kwa huruma. "Madame, muniache vile. Nikisema must, nanasi inatembea." Na kweli wageni walinunua mawilimawili, wakaondoka haraka. Sikumsumbua tena. Mwalimu anapaswa kujua mwanafunzi gani amekwisha kufaulu.

Papa Anselme alirudi kwao Barumbu na koti lake. Miaka ikaenda. Ndipo Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nikasikia hodi. Véro. Mama wa watoto watatu sasa, amevaa blauzi ya kazi yenye nembo ya ndege kifuani. Kwa miaka mitano alikuwa analinda depo, yaani ghala, ya kampuni moja ya ndege za mizigo pale uwanja wa ndege wa Bangboka. Jina la kampuni naliacha.

"Madame, minakuya juu ya ile grammaire yako," akasema. Halafu akaanza kulia.

Nilimkalisha, nikampa maji. Akanyoosha karatasi iliyopigwa kwa mashine, ya Kifaransa. Ilisema kwamba redio ya mkononi ya rubani imepotea deponi, kwamba bibi huyu aliulizwa na mkuu wake kwa Kiingereza, na kwamba alikiri mara nne.

"Lundi minapashwa kusigner," akasema, yaani Jumatatu atie sahihi. "Nikisigner, kazi imekwisha. Nisiposigner, banapeleka mambo ku polisi."

"Wewe uliiba?"

"Madame!"

"Bon, pole. Niambie alivyokuuliza. Neno kwa neno."

Akanihesabia kwa vidole. "Didn't you take the radio?" Nikasema yes. "Isn't it in your house?" Yes. "Aren't you sorry?" Yes. "Won't you bring it tomorrow?" Yes, sir.

Véro alikuwa amesema, kwa hesabu yake: ndiyo, sikuibeba, ndiyo, haiko kwangu, ndiyo, sina cha kujutia, na ndiyo, sitaileta, nitaitoa wapi? Mkuu wake alikuwa amesikia: nimeibeba, iko nyumbani, naomba msamaha, kesho naileta. Akamsubiri. Kesho yake Véro akafika mikono mitupu, ametabasamu, akamsalimia vizuri. Mtu akapasuka kwa hasira.

"Nilijibu bien, Madame," akaniambia, na machozi yamekauka sasa, ameinua kichwa. "Njo vile ulitufundisha. Kama not iko ndani, mutu akisema kweli, unamuambia yes. Sikusahau hata siku moja. Alors, juu ya nini anakasirika?"

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anajivunia mwalimu wake. Niliona aibu, ile ya kweli. Na nitawaambia ukweli, kwa sababu nimestaafu: nilifikiri kumwambia kwamba mkuu wake, mzungu, ndiye hajui kusikia. Angeniamini. Sikusema hilo, lakini na lile lingine, kwamba kosa ni langu, sikulisema. Nilisema tu, "Lundi tunaenda wote."

Jumatatu nilivaa kitenge changu, pagne ya siku za mitihani, tukapanda motokaa ya watu wa uwanja mpaka Bangboka. Mkuu wake aliitwa Dirk, mtu wa Afrika Kusini, uso mwekundu, ofisi yenye feni iliyozunguka kwa taabu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeumia, maana alikuwa akimwamini Véro kwa funguo zote. Pembeni yake alisimama katibu, Monsieur Placide, mwenye tai, ambaye ndiye aliyeandika ile karatasi. Nilijieleza kwa Kiingereza changu cha Jumapili: kwamba kwetu ndiyo inamjibu mtu, si jambo. Dirk alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Madame, yes is yes," akasema.

Nilikuwa nimewahi kusema hivyo hivyo mwenyewe.

Nikamwomba amuulize Véro kitu chochote kinachojulikana. Akamuuliza kama yeye si mwanaume, "Aren't you a man?" "Yes, sir," Véro akasema bila kusita. Dirk akatabasamu kidogo, kisha uso ukarudi. Akaniambia, umemfundisha njiani. Alikuwa na haki ya kufikiri hivyo. Nikatazama nje ya dirisha. Wapakiaji watatu walikuwa wamekaa juu ya magunia kwenye kivuli cha bawa la ndege, watu wa mto kama Véro, Kiingereza chao wamekiokota kwa masikio palepale uwanjani. Sikuwa nawajua, wala wao hawanijui.

"Waite hao," nikasema.

Wa kwanza akaingia amevua kofia. Dirk akamuuliza kama yeye si rubani, "Aren't you a pilot?" "Yes, boss." Dirk akainama mbele kidogo. "Didn't you take the radio?" "Yes, boss!" akajibu kwa sauti, mtu mwenye moyo safi. Wa pili akaitwa. "Didn't you take the radio?" "Yes, boss." Wa tatu, mzee mmoja aitwaye Papa Bosco, aliulizwa hivyo hivyo, akaweka mkono kifuani ili asadikiwe zaidi. "Yes, boss! Yes, yes, yes!"

Halafu Dirk, taratibu, akamgeukia Monsieur Placide mwenyewe.

"Placide. Didn't you take the radio?"

"Yes," akasema Placide mara moja. Akashtuka. "No. Yes! Euh... yes, I no take."

Dirk alihesabu kwa vidole: Véro mmoja, wapakiaji watatu, katibu mmoja. Wezi watano kwa redio moja, na wote wamekiri. Mabega yake yakaanza kutikisika, kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa ile karatasi ya mashtaka. Wapakiaji wakacheka kwa kuwa mkuu anacheka, bila kujua wamenusurika nini. Placide alikaza tai yake.

Dirk alipopata pumzi akauliza, si kwa ubaya, "Who taught her this?" Nani alimfundisha hivi?

Hapo ningeweza kupita. Ningesema ni Kiswahili chetu, ni Lingala, ni mto, na ingekuwa nusu ya kweli. Wapakiaji hawakuwahi kukaa kwenye kalasi yangu. Lakini Véro alikuwa ananitazama, anangoja nijitaje, kwa fahari.

"I did," nikasema.

Maneno mawili. Nimefundisha majibu mafupi maisha yangu yote, na sikuwahi kusema moja lenye uzito huo. Nikamgeukia Véro, nikamweleza kwa lugha yetu: siku ile ya dakika nne sikujua jibu, niliona haya kusema sijui, nikakupa uongo, na wewe ukautunza vizuri kuliko mimi nilivyotunza ukweli. Nikamwambia ilivyo sahihi. Yes ikiwa jambo lipo, no ikiwa halipo. Nikamwomba msamaha mbele ya watu sita.

"Madame! Miaka kumi na nane!" Akaanza kupekua kichwani siku zote hizo, nikaona anafika kwenye moja. "Kumbe njo sababu nilikosa congé, likizo yangu! Aliniuliza, 'Don't you want your holiday?' Nikajibu 'No', yaani hapana, minataka!" Akapiga makofi mara moja, nusu kwa hasira, nusu kwa kicheko. "Madame, weye! Mawa trop! Huzuni kabisa!"

"Nisamehe, mama."

"Nitafikiri," akasema. Nikaona hiyo ni haki yake.

Dirk akachana karatasi mara mbili, akaitia kwenye kikapu. Redio yenyewe mpaka leo haijaonekana, kama mnataka kujua. Mimi sikwenda kutafuta redio. Alisimama, akamwambia Véro kwamba alipaswa kuuliza vizuri zaidi kabla ya kumwita mwizi, "I should have asked you better", na hiyo should have naiweka hapa kwa faida yenu, ndicho kisaidizi cha majuto. Halafu, maskini, baada ya saa nzima ya somo, akafungua mdomo akauliza:

"Don't you want to come back to work?"

Ee Mungu wangu. Na bado akaweka not ndani.

Nilimwona Véro anaanza kusema, akafunga mdomo. Akisema "no", kama zamani, amekataa kazi. Akisema "yes", kama nilivyomfundisha dakika tano zilizopita, huyu mtu ambaye amekwisha kujifunza kwamba yes yetu ni no atasikia amekataa. Na nilijua pia kwamba hakuwa anatafuta sarufi tu. Alikuwa ameitwa mwizi mbele ya wenzake siku tatu, na mtu anaweza kutotaka kurudi. Sikuweza kumsaidia. Sikuwa na jibu la kumpa, na hata ningekuwa nalo, halikuwa langu.

Véro akanyoosha blauzi yake. Akamtazama Dirk machoni, akaziacha yes na no zote mbili pale zilipokuwa.

"I do," akasema, na akanyoosha mkono apewe funguo za depo.